Mshenga Aitwaye Do

Siku ya kuniaga, walimu wenzangu, mlinipa nafasi ya kusema machache, halafu mkaingiza sufuria za pilau kabla sijafungua kinywa. Sikuwalaumu. Hakuna binadamu aliyewahi kusikiliza hotuba huku akinusa pilau. Basi nimeona niandike, msome mkiwa mmeshiba. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu vyeo vyangu vilikuja kama mvua ya Turkana: kwa kuchelewa, na havikulowesha kitu. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya neno moja dogo la Kiingereza nililolihangaikia maisha yangu yote ya ualimu, na jinsi lilivyoniingiza katika posa ya watu.

Neno lenyewe ni do, pamoja na ndugu zake does na did. Ninyi vijana mnalifundisha kwa vitabu vyenye picha za rangi. Sisi tulikuwa na ubao na chaki, na chaki yenyewe ilibidi kulindwa, maana watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaitafuna.

Niliripoti Lodwar mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana wa Maragoli ambaye hajaolewa, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori kutoka Kitale. Mama yangu alilia pale stendi kana kwamba naenda kuzikwa. Dereva akamfariji, “Mama, Lodwar si mbali, ni moto tu.” Kwa umbali alidanganya, kwa moto alisema kweli. Nilipofika, vumbi lilikuwa limeniingia hadi kwenye kope. Nikanunua soda dukani, nayo ikawa ya moto kiasi cha kutiwa majani ya chai.

Mwalimu aliyenipokea aliitwa Opiyo. Alikuwa Mluo mrefu, suruali yake imepigwa pasi hadi mstari wa mbele ungeweza kukata mkate, na alivaa tai kila siku ya Mungu katika joto lile. Alikuwa amekaa Lodwar miaka mingi kiasi kwamba mbuzi wa mjini walimpisha njiani. Alinitazama, akatazama sanduku langu, akasema, “Mwalimu Jerida, utachukua Kiingereza cha darasa la tano. Kusoma wanajua, kuandika wanajua. Kuuliza ndiko hawajui.”

Niliona anatia chumvi. Kuuliza ni kazi gani? Nikaingia darasani, nikawaambia watoto waniulize lolote kwa Kiingereza ili tujuane. Mikono ikapaa. “You have father?” akauliza wa kwanza. “You are sleeping where?” akauliza wa pili. Wa tatu, kijana mwenye manyoya ya mbuni nywelani, akasimama kwa heshima zote akasema, “You went to marry when?” Nilifurahia upendo wao. Kiingereza chao kikanitoa jasho juu ya lile nililokuwa nalo.

Nikaja kuelewa taratibu. Kiswahili chetu hakina makuu. Unasema umekula, ukitaka kuuliza unapandisha sauti kidogo mwishoni, au unatanguliza je, kazi imekwisha. Kiingereza ni lugha yenye maringo. Haikubali kuulizwa mpaka mtu fulani atangulie kusimama mlangoni, na mtu huyo hana maana yoyote akiwa peke yake. Watoto waliniuliza do maana yake nini pale mbele. Nikawajibu hana maana. Wakaniuliza sasa anafanya nini pale. Nikawatuma wakachote maji.

Nikamwendea Opiyo kwenye chumba cha walimu nikamweleza. Alikuwa anakunywa chai ya rangi, macho yamefumbwa. “Kwenu Maragoli,” akasema, “kijana akitaka kuoa, anaenda kugonga mlango mwenyewe?”

“La. Anatuma mshenga.”

“Mshenga anaoa?”

“Haoi.”

“Basi. Do ni mshenga. Anatangulia, anasema, anabeba mzigo wote wa siku na wa mtu, ndiyo maana kuna did na does, halafu haoi. Na bwana harusi akae nyuma, anyamaze, asijitie kuongeza neno.”

Halafu akanionyesha alivyokuwa akifundisha. Alikata maboksi ya sabuni vipande vipande, akaandika kila kipande neno kwa mkaa. Mtoto mmoja alishika you, mwingine know, mwingine Lodwar, wakasimama mbele ya darasa kwa mstari. Mtoto aliyeshika do aliwekwa nje ya mlango. “Hawa wanataka kuuliza,” Opiyo alisema, “waite mshenga wao.” Darasa zima liliita, Do akaingia kwa madaha, akasimama mbele ya wote, na sentensi ikawa swali. Mlango wa darasa lile haukupumzika.

Kwa did alikuwa na koti. Lilikuwa koti zito la sufu, alilokuja nalo kutoka kwao bila kujua anakwenda wapi, na kufundisha ndiyo kazi pekee liliyowahi kufanya Lodwar. Mtoto aliyeshika went alilivaa, kwa sababu yeye ni jambo lililopita. Did akiingia alilivua kutoka mabegani mwa mwenzake akalivaa yeye, na aliyevuliwa akageuza kipande chake upande wa pili palipoandikwa go. Ukisema “did you went”, watoto wawili walilazimika kuingia ndani ya koti moja, katika jua la saa saba, mbele ya wenzao. Hakuna aliyerudia kosa hilo mara nyingi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Kitabu tulicholetewa kilikuwa na mazoezi ya how many, yaani kuuliza idadi, na kwa kuwa tulikuwa miongoni mwa wafugaji, nikaona nitumie mifugo. Nikamsimamisha msichana mmoja nikamuuliza, “How many goats does your father have?” Msichana akatazama miguu yake, akasema, “Two.” Nikamuuliza wa pili. “Two.” Nikazunguka darasa lote, na baba wote wa Lodwar walikuwa na mbuzi wawili wawili. Nikaandika ubaoni two, nikaondoka nikijiambia kwamba umaskini umezidi.

Opiyo alicheka mpaka akalegeza tai. “Mtu wa huku hahesabiwi mifugo,” akaniambia, “wala watoto. Ukihesabu, mkosi unasikia, mwizi anasikia, mtoza kodi anasikia. Mtu atakutajia mnyama mmojamoja, rangi yake, pembe zake, mama yake alinunuliwa kwa nani, hata jua litue. Idadi yao huulizi. Mtu akikuuliza idadi, jua anataka kukunyang’anya.” Akanipigia mfano: ofisa mmoja mgeni aliwahi kwenda boma moja na kalamu yake, na alipoamka asubuhi alikuta boma lenyewe limehama. Tangu siku ile, kwa how many nilitumia sukari, tumbaku na viberiti. Vya dukani havina mkosi.

Kutoka Lodwar nikahamishiwa Kakuma. Kakuma mnayoijua ninyi, yenye kambi ya wakimbizi, ofisi za mashirika na mabasi ya Lokichoggio, haikuwepo. Kulikuwa na maduka machache, kituo cha polisi, misheni, na shule yetu kando ya laga la Tarach, mto wa msimu ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Watu walichimba visima mle mchangani wakapandisha maji kwa kupokezana vibuyu huku wakiimba, na mimi nilifundisha huku nyimbo zile zikiingia dirishani. Mwalimu mkuu, Bwana Ewoi, mwenyeji wa hapo, alinikabidhi darasa la saba akaniambia neno moja tu, “Vumilia.”

Nilibeba maboksi yangu ya sabuni. Koti sikuwa nalo, nikatumia blanketi langu. Watoto wa Kakuma walinisumbua kwa njia yao. Huko kuomba si aibu. Mtu akikuona na tumbaku anasema nipe, nawe unampa au unamwambia nimenyima, na urafiki unaendelea. Nikiwafundisha “Do you have tobacco?” waliniona napoteza muda. “Mwalimu,” kijana mmoja aliniambia kwa huruma, “sasa wewe naona mdomo yake inatafuna. Unauliza iko nayo ya nini?” Mwingine alimpenda do kupita kiasi, akamwingiza kila mahali. “Do you are sick?” “Do he is come?” Nikamwambia mshenga wako huyu sasa anaingia hata nyumba zisizo na binti.

Katika darasa hilo ndipo alipokuwa Akiru. Alikuwa msichana mwembamba, shanga tele shingoni, sauti ya chini, na alikuwa anauliza bila kuchoka. Aliuliza bei ya sukari, aliuliza barua inafikaje Nairobi, aliuliza kwa nini mimi sijaolewa na kama nilikataa au nilikataliwa. Aliuliza yote kwa do na did zilizokaa mahali pake. Hakuna msichana wa shule yetu aliyekuwa amewahi kufika mtihani wa darasa la saba. Wote walitoka njiani, mmoja kwa ndoa, mwingine kwa mifugo. Akiru alikuwa amefika, mtihani ulikuwa karibu, na Bwana Ewoi alikuwa ameanza kutembea kifua mbele.

Halafu Ijumaa moja ndugu yake akaja kumchukua. Baba anamtaka nyumbani, akasema, kuna wageni. Kila mtu alijua maana ya wageni. Mzee mmoja tajiri wa Kaikor, Lomuria, alikuwa amekuja na watu wake kumposa. Bwana Ewoi akaenda kuzungumza na baba mtu, Mzee Ekidor, akarudi amenywea. “Ameniuliza kama shule itampa ngamia,” akasema. “Nimemwambia shule itampa binti aliyesoma. Akaniambia binti anaye tayari.”

Niliumia, nasema wazi. Usiku ule sikula. Kesho yake nikafunga tumbaku kwenye karatasi, nikavuka laga, nikaenda kwa Mzee Ekidor kama mtu anayepita tu kusalimia. Mpango sikuwa nao wowote. Nilitaka nimwone Akiru, basi.

“Ejok,” nikasalimu nilipofika.

“Ejok-nooi, mwalimu,” akaitika Mzee Ekidor. Nilidhani atanifukuza, kumbe alinifurahia kuliko siku zote. Kiswahili chake alikiokota akiuza ngozi Lodwar, na alipenda kukitumia mbele za watu. “Wewe umekuja siku mzuri. Kaa hapa. Ambia hawa wageni hii msichana yangu iko na masomo kiasi gani.”

Nikaelewa kwamba nimeitwa kupandisha bei. Wageni walikuwa wameketi kwenye vigoda vyao vidogo kando ya ua wa miiba, wameshakula, wanatafuna tumbaku. Lomuria alikuwa katikati, mtu mzima mwenye tabasamu, kichwa kimepakwa udongo na kuchomekwa unyoya. Sikuona ubaya kwake. Alikuwa mtu wa heshima aliyekuja kwa njia ya heshima, na hilo ndilo lilinitia hofu zaidi, maana mtu mbaya ningejua la kumsema.

Nikasema kweli. Nikasema Akiru ni wa kwanza darasani, anasoma, anaandika, anahesabu, na Kiingereza chake kinazidi cha karani wa mjini. Mzee Ekidor alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayemwonyesha mnunuzi meno ya ng’ombe. Akiru akaja na chai. Alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha macho.

Lomuria akaweka kikombe chini. Naye alikuwa na Kiswahili cha biashara. “Basi wacha nisikie hiyo Kizungu,” akasema kwa uchangamfu. “Kitu unanunua, lazima uone inatembea. Msichana, uliza mimi kitu. Mwalimu ataniambia.”

Mzee Ekidor akafurahi. “Uliza, uliza,” akamwambia binti yake.

Akiru akasimama wima kama darasani, mikono nyuma. “Do you know my father?” akauliza.

“Anauliza, unamjua baba yake?” nikatafsiri.

“Namjua,” akasema Lomuria, “mbuzi yake iko tumboni yangu.” Wakacheka wote.

“Did you walk from Kaikor?”

“Anauliza, mlitembea kutoka Kaikor?”

“Tulitembea, na punda ilitembea.” Wakacheka tena. Mzee Ekidor alitazama huku na huku aone nani hajacheka.

Akiru hakucheka. Akavuta pumzi, akauliza kwa sauti ileile tulivu, “How many camels do you have?”

Walimu wenzangu, sentensi ilikuwa safi. Hesabu ilikuwa mbele, mshenga anaifuata, mwenyewe nyuma yake. Opiyo angempa alama zote. Na mimi nilikuwa nimeketi pale, mtafsiri, mdomo wazi. Ningeweza kusema anauliza habari za njiani. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijua vizuri ninakokwenda. Nikajifuta jasho, nikatafsiri neno kwa neno, “Anauliza, una ngamia wangapi?”

Kutafuna kukakoma. Mbuzi walisikika wakikohoa zizini. Tabasamu la Lomuria lilibaki pale lilipokuwa, kama kitu alichosahau kukiondoa. Mzee mmoja kando yake akatema tumbaku mchangani.

“How many did the drought take?” akaendelea Akiru.

“Anauliza, ukame ulikuulia wangapi?”

“How many children do you have?”

“Anauliza, una—”

“Imetosha,” akasema Lomuria. Akainuka, akabana kigoda chake kwapani, akachukua fimbo. Hakumtazama msichana wala mimi. “Ekidor,” akasema, “mimi nilikuja kwako kuomba mtoto. Wewe umeniletea serikali.” Akatoka, na watu wake wakamfuata mmoja mmoja bila kumaliza chai.

Mzee Ekidor alibaki amesimama katikati ya vikombe. Nilisubiri matusi. Hakutukana. Aliniambia kwa upole mbaya, “Mwalimu, nenda,” nami nikaenda, nikavuka laga haraka kuliko nilivyokuja.

Najua mtaniuliza kama tulipanga. Hatukupanga. Mimi nilimfundisha kuuliza bei ya sukari. Kutoka kwenye sukari hadi kwenye ngamia alikwenda mwenyewe. Nilichofanya mimi ni kutafsiri, na mtafsiri hulipwa kwa uaminifu wake, ingawa siku ile sikulipwa hata kikombe cha chai.

Lakini Jumapili nzima sikutulia. Kanisani nilisali kwa woga wa kweli. Niliogopa Akiru atapigwa. Niliogopa Lomuria atatulizwa kwa mbuzi na kurudi. Niliogopa wazazi wengine watasema shule ya Kakuma inafundisha watoto kuhesabu watu, na tutaamka tukute madarasa yamehama. Bwana Ewoi nilipomsimulia alishika kichwa kwanza, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia huko akicheka peke yake, akarudi na uso wa mwalimu mkuu akaniambia, “Hilo jambo ni baya sana.”

Jumatatu nikaingia darasani, kiti cha Akiru kikiwa kitupu. Niligawa vipande vyangu, watoto wakajipanga mbele, nikamtoa Do nje ya mlango kama kawaida. Do hakukaa huko. Alirudi ndani mbio akajificha nyuma ya wenzake. Nyuma yake akaingia Mzee Ekidor na fimbo na kigoda, na nyuma ya Mzee Ekidor akaingia Akiru, miguu imejaa vumbi, macho yamevimba.

Watoto wakasimama. Mzee hakuwasalimu. Alikuja hadi mbele ya ubao, akasimama karibu nami, akanitazama kwa muda.

“Mwalimu,” akasema, “hii mtoto imenisumbua. Tangu wageni imeenda, mimi nikiongea, yeye anasema neno moja. Nikisema chunga mbuzi, anasema ile neno. Nikisema wewe umeniharibia, anasema ile neno. Nikainua fimbo, akasema ile neno. Nikamuuliza ni nini hii, anasema enda uliza mwalimu. Kwa sisi hakuna mtoto anasema neno kwa baba yake mara mingi hivi. Kama ni matusi, leo utaniambia.”

“Ni neno gani, mzee?”

Alifumba macho. Alikuwa amelibeba kichwani tangu bomani, na niliona midomo yake ikilijaribu kwanza polepole, kama mtu anayepima daraja kabla ya kupita.

“Diju aski mi,” akasema.

Nikamtazama Akiru. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea shanga. Nikaelewa kwa nini alilisema kwa Kiingereza, did you ask me. Kwa lugha ya nyumbani kwao maneno hayo hayawezi kutoka kinywani mwa binti kwenda kwa baba. Yangekuwa yamevunja nyumba. Kwa Kiingereza alikuwa ameyafunga kwenye karatasi na kumpa baba yake ayabebe mwenyewe hadi kwangu.

Na hapo tena nilikuwa na ulimi wangu wa kuchagua. Ningeweza kusema ni salamu. Ningeweza kusema anaomba radhi. Lakini mtoto alikuwa ameniamini.

“Si matusi, mzee,” nikasema. “Ni swali. Anasema, je, uliniuliza?”

“Kumuuliza nini?”

“Kama anataka kuolewa.”

Nje, kisimani, walikuwa wameanza wimbo mwingine. Nilimwona mzee akilirudia tena kimyakimya, diju aski mi, sasa akiwa na maana yake, na uso wake ukabadilika. Hasira ilitoka, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama. Alikuwa baba wa mtu, na alikuwa amechoka.

“Mtu anauliza msichana?” akaniuliza kwa sauti ndogo. Hakuwa ananibishia. Alikuwa anataka kujua.

“Sijui, mzee,” nikamwambia. “Mimi kuja huku hawakuniuliza. Nilipanda lori.”

Mzee akamgeukia Akiru, akaegemea fimbo yake, na mbele ya darasa zima akamuuliza, kwa Kiturkana, polepole. Kiturkana changu kilikuwa kidogo, lakini hilo nililielewa, na hata nisingelielewa ningelijua kwa jinsi watoto walivyoacha kupumua.

Akiru akafuta uso kwa mgongo wa mkono. Halafu akamjibu baba yake kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, na kijana wa mbele akanitafsiria bila kuombwa, “Anasema, mtihani ikiisha, uniulize tena.”

Mtoto mmoja akacheka, akaziba mdomo. Mzee Ekidor akamtazama binti yake muda mrefu, na pembeni mwa mdomo wake nikaona kitu ambacho siapi kwamba kilikuwa tabasamu.

“Hii mtihani,” akaniuliza, “iko lini?”

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akamsukuma Akiru taratibu kwa ncha ya fimbo kuelekea kwenye kiti chake. Kisha akaweka kigoda chake mlangoni, palepale Do anaposimama, akaketi, akanyoosha miguu.

“Fundisha,” akasema.